Ekari moja, viwanja kumi, njia hakuna

Sensa ya mwaka 2022 ilitupa takwimu mbili zilizostahili kujadiliwa kuliko zilivyojadiliwa. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728. Miaka kumi kabla yake walikuwa 4,364,541, kwa hiyo wameongezeka milioni moja na ushei. Jirani yake, Mkoa wa Pwani, mwaka 2012 ulikuwa na watu 1,098,668. Sensa ya 2022 ikawakuta 2,024,947. Dar es Salaam imeongezeka kwa kama asilimia 23, Pwani kwa zaidi ya asilimia 80.

Uzazi pekee hauwezi kueleza pengo hilo. Dar es Salaam imevuka mipaka ya mkoa wake. Familia iliyokuwa imepanga vyumba viwili Temeke au Tandale imenunua kiwanja Vikindu, Mapinga, Kisarawe au ng'ambo ya Kibamba, ikasimamisha chumba kimoja, ikahamia, na sasa inaendelea kujenga vingine kadiri hela inavyopatikana. Wilaya ya Mkuranga peke yake ilitoka kwenye watu wapatao 223,000 mwaka 2012 ikavuka nusu milioni mwaka 2022. Jiji lina njia kuu nne za kutokea, yaani barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, na katika kila moja ukingo wa mji unasogea mwaka hadi mwaka.

Wataalamu wa mipango miji wana orodha ndefu ya mambo yanayopaswa kufanyika huko pembezoni. Mimi nashikilia moja, kwa sababu likikosekana hilo mengine yote yanakuwa ghali au hayawezekani kabisa: njia za mitaa ya kesho zichorwe na kuwekewa mawe leo, wakati mikorosho ingali imesimama. Lami inaweza kuja baada ya miaka 20. Bomba la maji linaweza kuchelewa, na nguzo ya umeme vilevile. Nafasi ya njia ikishajengwa nyumba, hairudi.

Tazama jinsi shamba linavyokatwa. Ni ekari tatu hivi, mali ya familia iliyokaa hapo tangu enzi za vijiji vya Ujamaa, zenye mikorosho, minazi michache na mihogo. Habari za barabara mpya zikisikika, dalali anafika. Hamshauri mzee auze shamba zima, anamshauri akate. Mteja wa kwanza anapewa mbele, karibu na njia ya kijiji. Upimaji ni wa hatua, au wa kamba, ishirini kwa ishirini, na kwenye kona kunachomekwa vijiti au kupandwa minyaa. Karatasi ya mauziano inaandikwa mbele ya mwenyekiti, mashahidi wanne wanatia saini, mhuri unagongwa, na aghalabu asilimia kumi ya bei inabaki ofisini. Mteja wa pili anapewa nyuma ya wa kwanza. Akiuliza atapita wapi, anaoneshwa uwazi kati ya mikorosho miwili: "Njia ipo, tutapita hapa." Uwazi huo ni sehemu ya kipande ambacho hakijauzwa. Miaka miwili baadaye mzee anaugua, au mjukuu anatakiwa chuoni, na kipande cha mwisho kinauzwa pamoja na ile njia ndani yake. Mnunuzi ana karatasi yenye mhuri kama wenzake, na ana haki ya kujenga ukuta.

Katika hadithi hiyo hakuna mwizi. Mzee ameuza mali yake, wateja wamenunua kwa jasho lao, mwenyekiti ameshuhudia mkataba wa watu wazima. Hata hivyo matokeo yake ni mtaa ambao gari la zimamoto haliwezi kuingia, mjamzito anabebwa kwa bodaboda hadi barabarani usiku wa manane, na jeneza linapitishwa ubavuubavu kati ya kuta mbili. Gari la kunyonya maji machafu halifiki, kwa hiyo vyoo vikijaa, mvua za masika zinasubiriwa ili vifunguliwe. Kipindupindu kinapozuka kwenye mitaa ya namna hiyo, wakazi wanalaumiwa kwa uchafu, ilhali tatizo lilianza siku kamba ilipovutwa shambani.

Hapa kuna hesabu ambayo kila mpangaji miji angepaswa kuanza nayo kabla ya kufungua ramani. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Ekari inatoa viwanja kumi, na inaisha; haibaki nafasi ya njia. Mwenye shamba akitaka kuacha njia ya kupita gari, mfereji wa maji ya mvua na mchango wake kidogo kwa ajili ya shule na zahanati, tuseme asilimia 30 ya ardhi yake, anabaki na viwanja saba. Anaombwa atoe viwanja vitatu bure. Wewe ungekubali?

Jibu linategemea jirani. Tuseme, kwa mfano tu, kiwanja kisicho na njia kinauzwa shilingi milioni 4. Kumi vitaleta milioni 40. Kiwanja kilekile kikiwa na njia pana, mawe ya mipaka na hati, bei ikipanda hadi milioni 6, saba vitaleta milioni 42. Mzee hajapoteza kitu, amepata na nyongeza. Lakini bei haitapanda kwa sababu ya njia inayoishia kwenye ua wa jirani. Akiacha yeye nafasi ya mita 10 na mwenzake wa upande wa pili asiache, njia yake ni ua mrefu usiokwenda popote, na viwanja vitatu vimepotea kweli. Kila mwenye shamba analijua hilo, kwa hiyo hakuna anayeanza. Wote wangenufaika kama wote wangeacha njia kwa pamoja, na wote wanaikata ardhi mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyewaita wakae kikao kimoja. Kazi hiyo ya kuwaita ndiyo kazi ya serikali, na ni kazi rahisi kuliko kujenga lami.

Tumewahi kuifanya. Dar es Salaam ilikuwa na mipango kabambe ya mwaka 1949, 1968 na 1979, na sasa upo uliotayarishwa kwa kipindi cha 2016 hadi 2036. Mipango ya zamani ilichorwa na makampuni ya washauri kutoka nje na mengi yaliyomo hayakutekelezwa. Lakini katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilifanya jambo dogo lenye busara kubwa. Ilichukua mashamba yaliyokuwa pembezoni mwa jiji wakati huo, yaani Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na baadaye Tabata na Mbagala, ikachora mitaa, ikapima viwanja vidogo, vingi vikiwa na ukubwa wa kama mita za mraba 288, ikaweka huduma za msingi, kisha ikawaachia wananchi wajenge wenyewe kwa uwezo wao. Haikujenga nyumba. Mradi huo ulifika pia Mwanza, Mbeya, Morogoro, Iringa, Tabora na Tanga. Sambamba nao, fedha zilitumika kuboresha mitaa iliyokwisha kujengwa holela, Manzese ikiwamo.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, kundi la wachumi likiongozwa na Guy Michaels wa London School of Economics lilirudi kuangalia nini kimebaki. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021. Kwenye maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kuingia, walikuta nyumba kubwa zaidi, zilizopangwa kwa mistari, zenye umeme na huduma bora kuliko maeneo jirani ambayo hayakuguswa. Kwenye maeneo yaliyoboreshwa baada ya kujengwa, hawakuona faida ya kudumu ya namna hiyo. Kwa mkazi wa jiji, hilo halihitaji darubini. Pita Sinza leo, uone maduka, hosteli, zahanati na maghorofa yaliyosimama kwenye viwanja vya wakulima na makarani wa miaka ya sabini. Mabomba ya mwanzo yalichakaa, taa zilizimika, barabara zilijaa mashimo miaka nenda miaka rudi. Kilichodumu ni mchoro. Lami ilipokuja, ilikuta nafasi yake inaisubiri.

Ni haki kusema pia kwamba Sinza haikubaki ya maskini. Wengi waliogawiwa viwanja awali waliuza, au hawakuvipata kabisa kwa sababu wenye vyeo waliwatangulia. Hilo ni doa kwenye mradi wenyewe na linafaa kukumbukwa tunapopanga tena. Dawa yake ni kupima viwanja vingi na vidogo, vingi kiasi kwamba hakuna sababu ya kuvigombania. Uhaba ndio unaompa nafasi mwenye fedha na mwenye cheo.

Kisha tukaacha kwa miaka mingi. Jiji lilikua kutoka watu wasiofika milioni moja mwaka 1978 hadi karibu milioni mbili na nusu mwaka 2002, na upimaji wa viwanja haukukaribia kasi hiyo. Mwaka 2002 serikali ikaja na mradi wa viwanja 20,000, ambao mwishowe ulivuka idadi hiyo, katika maeneo kama Kibada, Tuangoma, Mbweni, Bunju, Mivumoni, Mwanagati na Buyuni. Barabara zilichorwa na wenye mashamba wakalipwa fidia. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 na sheria zilizoifuata mwaka 1999 zilikuwa zimekwisha kutambua kwamba ardhi yenyewe ina thamani, hata isiyo na nyumba wala mazao, na huo ulikuwa ushindi mkubwa kwa mkulima. Lakini kwa mpangaji miji maana yake ni kwamba serikali sasa inalipa kwanza ndipo ipime, na gharama hiyo inarudi kwa mnunuzi. Viwanja vikawa vya wenye mishahara na mitaji. Vingi vilikaa vichaka kwa miaka kadhaa vikisubiri bei ipande, huku wasio na uwezo wakiendelea kununua vipande vya kamba maeneo ya jirani.

Kigamboni ilitufundisha kwa njia chungu zaidi. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya wa kisasa, na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri fidia na ujenzi. Fedha hazikuja kama ilivyotarajiwa. Mtu mwenye nyumba yenye ufa hakuruhusiwa kuipanua, mwenye kiwanja hakujua kama ni chake, benki zilisita kukopesha. Miaka ilipita, mradi ukapunguzwa kisha ukafifia, na mwaka 2016 daraja la Kigamboni likafunguliwa kwenye mji ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa umejijenga wenyewe. Kuzuia watu kuishi kwa sababu ya ramani isiyo na fedha ni dhuluma, na inawafundisha wananchi kumwogopa kila mpima atakayekuja baadaye. Ukienda leo na fulana ya njano na kifaa cha kupimia kwenye shamba la Mkuranga, watu wanakimbilia kupanda miti na kumwaga misingi ya nyumba usiku. Hofu hiyo tumeipanda sisi wenyewe.

Njia iliyobaki imekuwa urasimishaji: kupima na kutoa hati kwenye mitaa iliyokwisha kujengwa. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inautambua, serikali iliweka programu ya miaka kumi ya 2013 hadi 2023, na mitaa mingi ya Dar es Salaam imepitia. Mimi siupingi. Hati inamlinda mjane dhidi ya mashemeji, na inaheshimika benki. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa urasimishaji anajua ugumu wake. Mchoro unatundikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Mstari wa njia umepita juu ya choo cha mama mmoja, umekata kona ya duka la kijana mwingine, na umegusa kaburi nyuma ya nyumba ya tatu. Kila mtu anakubali kwamba njia inatakiwa, na kila mtu anaamini inafaa ipite kwa aliye mkabala. Kamati inaenda nyumba kwa nyumba kuomba mita moja hapa, nusu mita pale. Mwishowe mtaa unapata njia ya mita tatu badala ya mita kumi, shule haipati nafasi kabisa, na bonde la maji linabaki na nyumba zake. Penginepo kampuni ya upimaji imekwisha kukusanya michango na haionekani tena. Hapo wananchi wamelipa mara mbili: kwanza walipomlipa dalali, kisha walipochangia upimaji ambao haukumalizika.

Na hiyo ni bei nafuu. Bei kubwa inalipwa pale njia inapopatikana kwa tingatinga. Mwaka 2017, kwa ajili ya kupanua Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 za hifadhi ya barabara kila upande zilivunjwa. Baadhi zilikuwa za ghorofa, za watu waliokaa hapo miongo kadhaa, wakilipa kodi na kuunganishiwa umeme na mashirika ya umma. Mpaka wa hifadhi ulikuwapo kwenye sheria tangu zama za ukoloni. Ardhini, watu waliuziana mbele ya macho ya ofisi zilezile zilizokuja kuwavunjia. Mstari ambao upo kwenye gazeti la serikali tu, usio na jiwe hata moja la kuonekana na mnunuzi, ni mtego.

Mabondeni ni vilevile. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, na kila shamba linalokatwa huko juu bila mifereji linaongeza maji yanayoshuka hadi bonde la Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Familia zilizookolewa mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande, mahali palipoonekana wakati ule kuwa mwisho wa dunia, pasipo daladala wala soko. Leo Mabwepande imezungukwa na mji. Mipito ya maji ya mito ya Mpiji na Mzinga na ya vijito vya Mkuranga bado ina nafasi ya kuachwa wazi kwa gharama ya mawe na vibarua wa siku chache. Ikishajengwa, italazimu fidia kama iliyolipwa kwenye mradi wa bonde la Msimbazi, ambao unatumia mkopo wa mabilioni ya shilingi kuondoa makazi yaliyoachwa yaingie.

Wenzetu wamejaribu njia ambayo fedha zetu zinaiweza. Nchini Ethiopia, kuanzia mwaka 2013, miji ya Adama, Bahir Dar, Hawassa na Mekelle ilishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, wakiongozwa na Shlomo Angel, kuchora upanuzi wa miji yao. Hawakuchora kila nyumba. Walichora gridi ya barabara kuu tu, kwa umbali wa kama kilomita moja kati ya barabara na barabara, zenye upana wa kutosha kupitisha mabasi na mabomba makuu, na maeneo ya wazi ya kulindwa. Kilichomo ndani ya kila kilomita ya mraba kiliachiwa kipangwe taratibu. Mazingira yao ya sheria ya ardhi ni tofauti na yetu, lakini wazo linabebeka: mamlaka yenye wapima wachache iwekeze nguvu kwenye mistari michache isiyoweza kurekebishwa baadaye.

Kenya nayo inatufundisha kwa upande mwingine. Baada ya barabara ya Thika iliyopanuliwa kufunguliwa mwaka 2012, ardhi ya kahawa ya Kiambu ilizidi kugeuka nyumba. Pale mwenye shamba alipokuwa mmoja, kama kwenye mashamba makubwa ya Ruiru yaliyokuja kuwa Tatu City, mpango wa mitaa ulichorwa kwanza kwa sababu mmiliki alikuwa anapata faida ya kila njia aliyoiacha. Pale wamiliki walipokuwa wengi, ardhi ilikatwa futi 50 kwa 100 na njia zikabaki za kubahatisha. Nchi ni ileile na soko ni lilelile. Kilichotofautiana ni kama kulikuwa na mkono mmoja juu ya ramani. Sisi mashamba yetu ya Pwani ni ya wengi, na ni vizuri yakabaki ya wengi. Kwa hiyo mkono huo mmoja inabidi uundwe kwa makubaliano.

Makubaliano hayo yana umbo linalojulikana. Wenye mashamba wa kijiji au mtaa mmoja wanaunganisha ardhi yao kwenye mchoro, kila mmoja anachangia sehemu ileile kwa njia na huduma, asilimia 30 kwa wote au kiwango kingine watakachokubaliana, kisha kila mmoja anarudishiwa viwanja vyake vilivyopimwa, vichache zaidi na vya thamani zaidi. Hakuna fidia ya kulipwa kwa sababu hakuna aliyenyang'anywa. Mwenye robo ekari anachangia kwa uwiano sawa na mwenye ekari 20. Aliyepoteza zaidi kwa sababu barabara kuu imepita kwake anafidiwa kwa kiwanja upande mwingine. Mpima analipwa kwa viwanja vichache vinavyouzwa, hivyo halmashauri haihitaji kusubiri bajeti. Makampuni binafsi ya viwanja tayari yanafanya kitu kinachokaribia hicho kwenye mashamba yanayoyanunua, ila njia ya kampuni hii haikutani na ya kampuni ile, na viwanja vya shule na makaburi ndivyo vya kwanza kusahaulika. Makaburi hasa. Kwenye mitaa mingi mipya watu hawajui watamzika wapi mtu wao, na msiba unageuka safari ya kutwa nzima.

Lipo jambo la wanawake, nalisema kwa ufupi kwa sababu linajulikana. Karatasi ya mauziano ya kamba mara nyingi ina majina ya kaka wawili na haina la dada yao aliyekuwa analima hapo. Mchoro wa pamoja unawalazimisha wote wenye haki kutajwa kabla ya viwanja kugawanywa, na hapo ndipo mahali pa kumtaja.

Kikwazo kikubwa kilichobaki ni cha mamlaka. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja inapanga eneo lake. Ukivuka mpaka, wanaopanga ni halmashauri za Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo, chini ya mkoa mwingine. Sehemu kubwa huko ni ardhi ya vijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji unaotengenezwa chini ya sheria Na. 6 ya 2007 unaonesha eneo la kilimo, la msitu na la makazi bila kuchora njia ndani ya eneo la makazi. Kwa kijiji cha Rufiji hilo linatosha. Kwa kijiji kilicho dakika 40 kutoka Mbagala halitoshi hata kidogo. Matokeo ni kwamba barabara inayopaswa kutoka Vikindu kuelekea Chanika haina mwenyewe, kwa sababu inaanzia wilaya moja na kuishia nyingine. Daladala nyingi zinaendelea kupita katikati ya jiji, na mtu wa Chanika mwenye kazi Mkuranga anazunguka nusu siku.

Treni ya umeme imeongeza haraka ya jambo hili. Tangu katikati ya mwaka 2024 abiria wanasafiri kwa reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha Dodoma, na kati ya vituo vyake vimo Pugu, Soga na Ruvu. Kituo cha reli kinafanya kile ambacho lami hufanya, kwa kasi zaidi. Madalali wameshafika Soga. Wanaonesha mashamba kwa umbali kutoka kituoni, hatua na dakika. Ardhi inayozunguka kituo ndiyo inayohitaji njia pana kuliko nyingine zote, nafasi ya stendi, soko, na nyumba za watu wa kipato kidogo wasioweza kumiliki gari. Ikikatwa ishirini kwa ishirini mpaka ukingoni mwa reli, tutakuwa tumejenga kituo cha gharama kubwa ambacho mkazi aliye mita mia tatu tu kutoka kwenye jukwaa hawezi kukifikia kwa kiti cha magurudumu.

Kwa hiyo nikiulizwa kianze nini mwaka huu, ningejibu hivi. Wizara ya Ardhi na ofisi za mikoa miwili ziziketishe halmashauri hizo zote mezani, zitoke na mchoro mmoja wenye mambo matatu tu: barabara kuu kila kilomita moja, mipito ya maji na mita zake 60, na mipaka ya misitu kama ya Pugu na Kazimzumbwi. Mistari hiyo iwekewe mawe ya zege yanayoonekana na kupakwa rangi, na ramani yake ibandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji na mtaa, ili mwenyekiti asigonge mhuri kwenye karatasi inayouza barabara. Ndani ya gridi, wenye mashamba waitwe kuunganisha ardhi kwa hiari, na kijiji cha kwanza kitakachokubali kipimwe kwanza, wengine waone bei za viwanja vyao. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Soga, Vikindu, Mapinga na Kerege, pale ambapo bado kuna ardhi ya kuchora, ajenda hiyo inaweza kuingia kwenye mkutano unaofuata.